Bima kubwa inapanda, na gari lisilo na bima lina mchango wake

Katika kazi yangu ya kushughulikia madai ya bima za magari jijini Dar es Salaam, malalamiko mawili hayaishi mezani: kwamba ada ya bima imepanda ilhali gari linazidi kuchakaa, na kwamba aliyesababisha ajali hakuwa na bima. Wateja wengi huyaona kuwa mambo mawili yasiyohusiana. Mimi naamini la pili ni moja ya sababu za la kwanza, na ni sababu ambayo haizungumzwi vya kutosha.

Nianze na bei. Bima ndogo ya gari la binafsi, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, hulipiwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani shilingi 100,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Bima hiyo humfidia mtu mwingine aliyedhurika kwa gari lako, lakini gari lako lenyewe halimo. Anayetaka gari lake nalo lilindwe hukata bima kubwa, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichozoeleka kwa magari ya binafsi, gari la shilingi milioni 20 hulipiwa shilingi 700,000, na VAT ikiongezwa inafika 826,000.

Kwa kuwa ada hiyo hufuata thamani ya gari, inaweza kupanda hata kama asilimia haijaguswa. Magari yetu mengi huagizwa Japani yakiwa yameshatumika, na hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Gari ambalo mtu angetarajia lishuke thamani kwa sababu ya umri likabaki na bei ile ile sokoni, pengine likapanda, na vipuri vya Kariakoo vikafuata mkondo huo huo. Magari yenyewe pia yamebadilika: bampa ambalo zamani fundi alilinyoosha na kulipiga rangi sasa lina kamera na vihisi ndani yake, na taa ya mbele ikipasuka hubadilishwa nzima.

Hapa ndipo wengi hujiumiza. Ili kupunguza ada, mteja huandikisha gari la milioni 20 kwa thamani ya milioni 15. Ajali ikitokea na matengenezo yakagharimu milioni 4, kampuni yenye kipengele cha uwiano katika mkataba wake italipa milioni 3 tu, kwa hoja kwamba robo ya gari haikukatiwa bima. Nimewaeleza wateja jambo hili gari likiwa tayari gereji, wakati ambapo maelezo hayawasaidii tena, na ningependa kila mtu aulize kuhusu kipengele hicho kabla ya kulipa.

Sasa turudi kwa asiye na bima. Tuseme pikapu ambayo bima yake iliisha miezi kadhaa iliyopita inaligonga kwa nyuma gari lililosimama kwenye taa za Mwenge. Trafiki anafika, anachora ramani ya tukio, dereva wa pikapu anakiri kosa na kulipa faini. Kama pikapu ingekuwa na bima ndogo iliyo hai, kampuni yake ndiyo ingelipia bampa, buti na taa za gari lililogongwa. Kwa kuwa haina, mwenye gari anaigeukia bima yake kubwa. Kampuni yake inatengeneza gari, yeye anabeba kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe, na mwaka unaofuata anaweza kupoteza punguzo alilokuwa akipata kwa kutodai. Kisheria kampuni ina haki ya kumdai msababishaji gharama hizo, lakini barua ya madai inamfikia mtu ambaye mali yake pekee ya maana ni ile pikapu, nayo imepondeka. Hasara hiyo inabaki kwenye vitabu vya kampuni, na viwango vya mwaka unaofuata vinapopangwa, hulipwa na wale wanaoendelea kukata bima.

Ada ikizidi kupanda, wa bima kubwa hushuka kwenye bima ndogo, na wa bima ndogo husubiri mpaka asimamishwe na trafiki. Wanaobaki kuchangia ni wachache zaidi, na kila mmoja hubeba zaidi.

Kwa majeruhi hali ni mbaya kuliko kwa mwenye bampa. Sheria ya bima za magari, Sura ya 169, humtaka mtoa bima kulipa fidia ambayo mahakama imeamuru kwa kifo au majeraha. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari lisilo na bima ana PF3 yake, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ana risiti za hospitali, anaweza hata kushinda kesi, kisha akakosa wa kumlipa. Ninaliona hilo kuwa dhuluma, na ndilo linalonifanya niandike.

Tena wasio na bima si wale tu wasio na stika. Wamo walionunua gari na kuendelea kuendesha kwa bima ya mwenye gari wa zamani, na walioandikisha gari kwa matumizi binafsi huku wakibeba abiria wa kulipa. Wamo pia waliouziwa stika za kughushi na vishoka. Hawa wa mwisho wangejinusuru kwa kuhakiki namba ya gari au ya stika katika TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, hatua ambayo huchukua muda mfupi kuliko kuandika risiti.

Adhabu peke yake haitoshi, kwa maana mtu ambaye kipato chake ni cha siku kwa siku hupata tabu kutoa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ningependa kuona bima ndogo ikilipwa kidogo kidogo kwa simu, kila malipo yakifungua siku zake. Wapo wanaopendekeza iingizwe yote kwenye bei ya mafuta, kama ilivyofanyika katika mwaka wa fedha 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa na ushuru wa shilingi 40 kuongezwa kwa kila lita. Afrika Kusini ina mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya majeruhi. Tozo yake ilifika senti 218 za randi kwa lita mwaka 2021, na bado Mfuko wa Ajali za Barabarani wa huko umelemewa na madeni. Isitoshe, kwenye pampu dereva makini na dereva mzembe hulipa sawa. Ninachoweza kukiunga mkono ni tozo ndogo ya mafuta kwa kazi moja tu, kumfidia aliyeumizwa na gari lisilo na bima au lililokimbia, huku mfuko wake ukiwekewa ukomo wa fidia tangu siku ya kwanza.