Mahakama ya Rufaa na Amri kwa Maofisa wa Umma: Mamlaka Yake Yanaishia Wapi?

Ofisa wa serikali akikataa kutekeleza jambo ambalo sheria inamlazimisha kulitekeleza, mwananchi anaweza kuiomba mahakama imshurutishe. Amri hiyo mawakili huiita mandamus. Wengi hudhani kwamba mahakama ikiwa ya juu, basi amri yake humfikia yeyote, wakati wowote. Sivyo. Mahakama ya rufaa hurekebisha kesi iliyokwisha kuamuliwa chini yake. Pasipo uamuzi wa kukatiwa rufaa, haina pa kuanzia.

Kesi inayoonyesha jambo hili waziwazi ni ya Marekani. Machi 1801, Rais John Adams akiwa anaondoka madarakani, alimteua William Marbury kuwa hakimu wa ngazi ya chini katika wilaya ya mji mkuu, Washington. Seneti ikaidhinisha, hati ikatiwa saini na muhuri, lakini haikumfikia mwenyewe. Serikali ya Thomas Jefferson ilipoingia, James Madison, waziri wa mambo ya nje, hakuitoa. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu.

Mwaka 1803, Jaji Mkuu John Marshall alikubali kwamba hati ni haki ya Marbury, na kwamba kumkabidhi ni wajibu wa waziri, si hiari yake. Hata hivyo amri haikutoka. Katiba iliiruhusu mahakama ile kuanza kusikiliza yenyewe kesi za aina chache tu, kama zile za mabalozi. Nyingine zote ziifikie kwa rufaa. Kumwamuru waziri atoe hati kungekuwa kuanzisha shauri jipya. Kifungu cha sheria ya 1789 kilichoipa mahakama uwezo huo kikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Kesi hii husifiwa mno kwa kubatilisha sheria ya bunge, na ni kweli, lakini kwa mtu mwenye shida na ofisi ya umma, funzo la mlango wa kuingilia lina uzito zaidi. Marbury alikuwa na haki, na bado alitoka mikono mitupu.

Kenya nayo ina mpaka kama huo. Kifungu cha 164(3) cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Rufaa kazi ya kusikiliza rufaa. Kwa kawaida, anayetaka ofisa ashurutishwe huanzia Mahakama Kuu. Akishindwa, ndipo apande.

Hata akipanda, kuna mpaka wa pili, ambao Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliueleza mwaka 1997 katika rufaa ya Baraza la Mitihani. Mandamus humlazimisha ofisa atimize wajibu. Sheria ikimwachia hiari, mahakama haimchagulii namna ya kuutimiza. Tuseme umeomba leseni na ofisi imekaa kimya miezi na miezi. Mahakama inaweza kuiamuru ilishughulikie ombi lako na kulijibu. Kuiamuru ikupe leseni ni jambo jingine, maana anayepima kama umetimiza masharti ni ofisi. Na kama ilikwisha kukuandikia barua ya kukataa, mandamus peke yake haiifuti barua hiyo: inabidi uombe uamuzi huo ubatilishwe kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kufungua shauri, angalia kama ofisi imenyamaza au imekataa, kisha uombe amri inayolingana na hali hiyo.