Dirisha Kabla ya Ndoo: Usafi wa Nyumba za Wageni wa Muda Mfupi Wakati wa Mlipuko wa Magonjwa

Mwishoni mwa Aprili 2020, ndege nyingi zikiwa zimesimama kwa sababu ya korona na nyumba za kupangisha wageni wa muda mfupi zikiwa tupu kuanzia Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Nyali, Mombasa, kampuni ya Airbnb, inayowaunganisha wapangishaji na wageni kupitia mtandao, ilitangaza mwongozo mpya wa usafi kwa wapangishaji wake. Aliyejiunga nao alitakiwa kuiacha nyumba bila mtu kwa saa 24 baada ya mgeni kuondoka, na aliyeona hawezi kuutimiza alipewa njia ya pili, yaani kuifunga kalenda yake kwa saa 72 kati ya mgeni na mgeni. Baadaye mwaka huohuo ukaja utaratibu wa hatua tano, yaani kutayarisha, kusafisha, kutakasa, kukagua na kupanga upya, ambao wapangishaji walitakiwa kuukubali ifikapo tarehe 20 Novemba. Kwa mtu mwenye chumba kimoja cha kupangisha huko Shangani au Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe, pengo la saa 72 lilikuwa siku tatu za pato zilizokwenda, katika mwaka ambao wageni wenyewe walikuwa wa kuhesabika.

Sisi tunaofanya kazi ya afya ya mazingira tuliulizwa mara nyingi iwapo masharti hayo yalikuwa ya lazima kweli, na swali hilo linastahili jibu kamili hata leo, kwa sababu mlipuko mwingine hauko mbali na wapangishaji wengi bado wanasafisha nyumba zao kwa hofu ya mwaka 2020 badala ya maarifa yaliyopatikana baadaye.

Saa 72 zilikuwa na asili yake. Utafiti uliochapishwa Machi 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba, katika hali ya maabara, virusi vya korona viliweza kugunduliwa vikiwa hai juu ya plastiki na chuma cha pua hadi saa 72, na juu ya boksi la karatasi hadi saa 24. Matokeo hayo yalikuwa sahihi, na kujihadhari kulikuwa jambo la busara kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameuzoea. Lakini kuwapo kwa kirusi juu ya meza hakuna maana kwamba kila anayeigusa meza ataugua, kwa kuwa kirusi kinachobaki hupungua saa hadi saa na bado kinapaswa kusafiri kutoka kidoleni hadi puani, mdomoni au machoni kikiwa na nguvu ya kutosha. Aprili 2021, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi hivyo, kwa jumla, ni chini ya mara 1 katika kila mara 10,000. Njia kuu ya ugonjwa ilikuwa hewa ambayo mtu mwingine ameivuta na kuitoa.

Hapo ndipo penye somo la makala haya: kila ugonjwa una njia yake, na usafi unaofaa ni ule unaoziba njia hiyo. Mpangishaji anayefuta rimoti mara tatu kwa dawa huku madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma amefanya kazi kubwa mahali ambapo hatari ni ndogo, na mahali penye hatari kubwa hajapagusa.

Kiyoyozi cha ukutani, kile kinachofungwa katika vyumba vingi vya wageni, huvuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha mlemle. Hakiingizi hewa mpya kutoka nje. Mgeni mwenye ugonjwa wa njia ya hewa akilala humo usiku mzima, atakayeingia asubuhi kusafisha anakutana na hewa ileile, na atakayeingia wa kwanza ni mfanyausafi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Machi 2021, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu aliyemo ndani. Mpangishaji hana kifaa cha kupima kiasi hicho, lakini ana chetezo. Choma udi kidogo katikati ya chumba, madirisha na mlango vikiwa wazi, kisha tazama moshi unakokwenda. Ukivutwa upande mmoja na kutoka, hewa inapita. Ukitanda chini ya dari na kuning'inia hapo, hewa imesimama, na chumba hicho kinahitaji feni iliyoelekezwa dirishani ili kuisukuma nje. Udi wenyewe hauui kijidudu chochote, na vilevile manukato ya kupulizia, ambayo wapangishaji wengi huyatumia kama ushahidi wa usafi.

Waliojenga nyumba za zamani za Mji Mkongwe walilijua jambo hili kwa uzoefu. Uwazi wa katikati ya nyumba, matundu ya juu ya kuta na madirisha yanayotazamana huiruhusu hewa ya moto kupanda na kutoka huku ya baridi ikiingia kutoka uchochoroni. Ukarabati mwingi wa miaka ya karibuni umeyaziba matundu hayo ili kiyoyozi kisipoteze baridi, na uwazi wa kati umeezekwa ili kupata sebule. Sielezi haya kumlaumu mtu, maana mgeni anayetoka nchi ya baridi hudai chumba kilichopoa. Ila anayekarabati nyumba yake leo ajue kwamba tundu moja la juu lenye wavu wa kuzuia mbu lina thamani ya kiafya kuliko makopo kumi ya dawa.

Dawa nayo ina mahali pake, na hapa pana makosa mengi. Kusafisha na kutakasa ni kazi mbili zinazofuatana: kwanza sabuni na maji huondoa uchafu, mafuta na sehemu kubwa ya vijidudu, kisha dawa hushughulika na vilivyobaki. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu yake kwa uchafu huo kabla ya kufika kwenye kijidudu. Kwa nyumba ya kawaida, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.1. Ikiwa jiki uliyonunua ina nguvu ya asilimia 3.5, chukua kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 34 vya maji, yaani robo lita kwa lita 8 na nusu. Ikiwa ni ya asilimia 5, vipimo 49 vya maji. Soma chupa kabla ya kupima, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Tumia maji ya baridi, changanya ya siku hiyohiyo tu, na uiache sehemu iliyopakwa ikiwa imelowa kwa angalau dakika moja kabla ya kufuta. Dawa nyingine za dukani huhitaji muda mrefu zaidi, na lebo huutaja.

Jambo ambalo ningependa kila mpangishaji alisome mara mbili ni hili: jiki haichanganywi na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na dawa ya vioo yenye amonia hutoa gesi nyingine inayounguza koo na mapafu. Mwanamke aliyepiga magoti ndani ya bafu lisilo na dirisha, akimwaga hiki na kile kwa sababu ameambiwa nyumba lazima "inukie usafi", yuko katika hatari iliyo ya hakika zaidi kuliko virusi anavyovitafuta. Mpatie glavu, mpatie barakoa, mwachie mlango wazi, na umweleze kwa lugha anayoielewa kilichomo katika kila chupa, kwa sababu maandishi ya chupa nyingi ni ya Kiingereza au Kiarabu. Na ikitokea kalenda imefungwa kwa sababu ya mgonjwa, mlipe siku zake. Mfanyausafi anayejua kwamba akiripoti mgeni anayekohoa atakosa ujira wa wiki nzima hataripoti, na hapo taarifa yenye thamani kuliko zote inakuwa imepotea.

Kupuliza dawa chumba kizima kwa bomba la mgongoni, kama ilivyofanyika sana mwaka 2020, hakufai. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari hiyo Mei mwaka huo, kwamba upulizaji haufiki penye kivuli cha vitu na haupenyi uchafu, na kwamba kumpulizia mtu dawa ni hatari katika hali yoyote ile.

Yote hayo yanahusu ugonjwa wa hewa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vidonda kwenye ngozi, kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, na virusi vya mpox vimeshathibitishwa katika nchi zote za Afrika Mashariki zinazopokea watalii kwa wingi. Hapa mambo yanageuka, kwa sababu ugonjwa huu hupita zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pia kwa shuka, taulo na nguo zilizogusa vidonda, ambapo magamba makavu huweza kubaki na virusi kwa muda mrefu. Shuka ambayo wakati wa korona ilikuwa jambo la pili, sasa inakuwa la kwanza. Isikung'utwe hata kidogo, wala isikumbatiwe kifuani kupelekwa uani. Ikunjwe kwa ndani ikiwa palepale kitandani na kutiwa ndani ya mfuko wa nguo chafu humo chumbani, anayeishika akiwa na glavu na barakoa. Godoro na mito iwe na vifuniko visivyopitisha maji tangu siku ya kwanza ya biashara, kwa sababu godoro halifuliki.

Mwenye mashine afue kwa sabuni na maji ya nyuzi joto 60 hadi 90. Asiye na mashine, na hao ndio wengi, aziloweke shuka katika pipa la maji ya moto na sabuni, azikoroge kwa mti pasipo kurusha matone, amwage maji hayo, kisha aziloweke katika klorini ya asilimia 0.05 kwa nusu saa, ambayo kwa jiki ya asilimia 3.5 ni robo lita katika lita 17 za maji. Zisuuzwe na kuanikwa juani. Kazi hii haiwezi kufanywa kwa haraka, na ndiyo sababu nyumba yenye seti mbili tu za shuka italazimika kudanganya siku moja. Seti tatu kwa kila kitanda ndiyo akiba ndogo inayofaa.

Kipindupindu hupita kwa maji na chakula, kwa hiyo katika mlipuko wake angalia tangi la juu ya paa, vyombo vya jikoni na sabuni ya chooni kabla ya kitu kingine chochote.

Marburg, ugonjwa wa virusi vya jamii moja na Ebola, ni jambo la daraja nyingine kabisa. Tanzania iliutangaza ugonjwa huu mkoani Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na Rwanda Septemba 2024. Hupita kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa, nao huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza baada ya maambukizi. Mgeni mwenye homa kali, kutapika au kutokwa damu, hasa aliyetoka katika eneo lililotangazwa, haguswi, chumba chake hakisafishwi na shuka zake hazifuliwi na mtu wa nyumbani. Funga mlango, zuia wengine kuingia, na piga simu 199 ukiwa Tanzania Bara, au mamlaka ya afya ya mahali ulipo ukiwa kwingine, ili wataalamu wenye mavazi kamili waje. Jina la mgeni huyo lisitumwe katika kundi la simu la wapangishaji. Linamhusu mganga na afisa afya tu.

Kwa ugonjwa wa kawaida wa njia ya hewa, muda ni msaidizi asiye na gharama. Zikishapita zaidi ya siku 3 tangu mgonjwa atoke, usafi wa kawaida unatosha. Kati ya saa 24 na siku 3, sabuni na maji yanatosha bila dawa. Chini ya saa 24, safisha kisha takasa. Na kwa siku ambayo hakuna mgonjwa anayejulikana lakini mlipuko upo mjini, ratiba ifuatayo inatosha bila kupoteza usiku hata mmoja. Mgeni aondoke saa nne asubuhi. Kabla hajatoka, aombwe kwa adabu kufungua madirisha yote na kuwasha feni, na kwa saa nzima baada ya hapo mtu yeyote asiingie. Saa tano mfanyausafi aanze na shuka, kisha choo na bafu, kisha jiko, kisha vitasa, swichi na rimoti, akimalizia kudeki sakafu akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Saa nane kasorobo anawe mikono, atandike shuka safi na kukagua, na mgeni mpya apokelewe saa tisa alasiri, madirisha yakiwa bado wazi.