Bibi na babu mnaolea wajukuu: maswali kuhusu uchovu, usingizi na msongo wa mawazo

Nalea wajukuu wawili. Ikifika jioni niko hoi. Si uzee tu huu?

Uzee una sehemu yake, lakini hauji kwa kishindo. Kama miezi michache iliyopita ulipanda ngazi bila tabu na leo unasimama katikati kuvuta pumzi, usiusingizie umri. Huenda ni upungufu wa damu, sukari, moyo, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa. Hayo yote hupimwa.

Kisha kuna msongo wenyewe. Mwili ukihisi umezidiwa humwaga adrenalini, inayokimbiza moyo na kupandisha presha, na kotisoli, inayoongeza sukari kwenye damu. Kwa dharura ya dakika chache homoni hizo ni msaada. Zikiamshwa kutwa, siku baada ya siku, ndipo mwenye presha au kisukari huona vipimo vyake vikigoma kushuka.

Nitajuaje kuwa nimezidiwa?

Wengi hutaja hasira: kikombe kimemwagika, nawe umefoka kana kwamba nyumba imeungua. Wengine huumwa kichwa na mabega, au huanza kusahau.

Mimi ishara ninayoiamini zaidi ni kidonge. Muulize bibi dawa ya kikohozi ya mjukuu inanywewa saa ngapi, atakujibu bila kusita. Muulize kidonge chake mwenyewe cha presha alikimeza lini. Ataanza kuhesabu kwa vidole, jana, juzi, hapana, siku ile mtoto alipokuwa na homa. Ukijiona umefika hapo, umezidiwa, hata kama unacheka.

Sina hata nusu saa yangu. Nitajitunza saa ngapi?

Usiisubiri hiyo nusu saa. Yako yashikize kwenye ya mtoto. Akipiga mswaki asubuhi, wewe unameza dawa. (Ukimaliza, irudishe juu na uifunge. Vidonge vya wazee vimewahi kuwadhuru watoto wengi waliodhani ni peremende.) Akivaa viatu, shika ukuta usimame kwa mguu mmoja, hesabu hadi kumi, badili mguu. Ni mchezo kwake, kwako ni kinga ya kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na ya kujiimarisha mwili usiyumbe angalau siku 3. Hiyo ni kama dakika 22 kwa siku. Kumsindikiza mtoto shule kunahesabiwa, mradi mwendo ukuruhusu kuongea lakini usiweze kuimba.

Na pale hasira inapopanda, weka kiganja tumboni. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka kiganja kiinuke, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Rudia mara tano au sita. Moyo hupunguza kasi wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana tunairefusha.

Mtoto kalala, mimi macho kodo. Ninywe dawa ya usingizi?

Usiombe ya jirani. Dawa nyingi za usingizi humwacha mzee na kizunguzungu, na anayeamka gizani kwenda chooni huanguka. Anza na chai na kahawa: ziishie mchana. Ukijilaza mchana, nusu saa inatosha. Kama kinachokuamsha ni haja ndogo mara kwa mara, mwambie daktari, maana hilo lina tiba yake.

Nawapenda wajukuu, lakini kuna siku natamani wazazi wao waje wawachukue. Nina roho mbaya?

Huna. Umechoka, na kuchoka hakupunguzi upendo.

Kinachoharibu mambo ni kukaa kimya, au kusema "nimechoka" juujuu. Mwana akisikia hivyo hukupa pole na maisha yanaendelea. Mpe jambo analoweza kulitekeleza: "Mwanangu, Jumamosi kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni siwezi kukaa na watoto. Tafuta wa kukaa nao." Huenda atanuna. Acha anune.

Ni tofauti kwa aliyemzika mwanawe, naye sasa anawalea aliowaacha. Huyo ana msiba ambao hakupata nafasi ya kuulia, kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kubembelezwa. Kumtaja marehemu mbele ya wajukuu, na hata kulia pamoja nao, hakuwaumizi kama wengi wanavyohofu. Kimya huwaachia watoto kazi ya kukisia.

Niende hospitali lini?

Leo hii, bila kungoja, kama kifua kinabana au kuuma, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, pumzi inakata, mdomo umeenda upande au mkono umelegea ghafla.

Ndani ya siku chache, kama kwa wiki 2 hivi huna furaha na lolote, huli, hulali, au unaona heri usingekuwepo. Wazo la kujidhuru likikujia, usikae nalo peke yako: mwambie mtu saa hiyohiyo akupeleke. Na ukihisi mkono unataka kumpiga mtoto, mweke mahali salama, toka chumbani, piga simu kwa mtu wako wa karibu na umwambie neno moja: "Njoo."