Tarehe 17 Machi si siku ya leprekoni

Wiki iliyopita nimeletewa tena makala ya kutafsiri ambayo sentensi yake ya kwanza inadai kwamba kila tarehe 17 Machi Waayalandi huwaenzi leprekoni, viumbe wadogo wa masimulizi yao, na jamaa zao wa chini ya vilima kwa kuwawekea chakula, sarafu na vinguo vya kijani. Mwaka jana dai hilohilo lilikuwa ndani ya kitabu cha michezo ya watoto, na mwaka juzi lilikuwa katika tangazo la safari za utalii. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kusoma masimulizi ya Ayalandi, na kwa muda niliishi katika kaunti ya Clare, upande wa magharibi wa kisiwa hicho. Nimechoka kuandika maelezo yaleyale pembeni mwa karatasi za watu, kwa hiyo nayaandika hapa.

Siku yenyewe haihitaji maneno mengi. Tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, askofu wa karne ya 5, na daima huangukia ndani ya Kwaresima. Watu walikwenda Misa, wakabandika kifuani kijani cha majani matatu kiitwacho shamroki, desturi ambayo msafiri Thomas Dineley aliiandika mwaka 1681, na watoto wakavaa misalaba ya karatasi au vitambaa. Ilifanywa kuwa siku ya mapumziko kisheria mwaka 1903. Maandamano makubwa yalikuzwa na wahamiaji walioko Marekani, na ni Marekani vilevile, katika jiji la Chicago, ambako mto umekuwa ukitiwa rangi ya kijani tangu 1962. Leprekoni aliingia katika sherehe hizo akiwa vazi la kuchekesha watoto na nembo ya kuuzia bidhaa. Katika masimulizi niliyoyasoma, viumbe wa vilimani hawana shughuli yoyote siku ya Mtakatifu Patrisi.

Leprekoni mwenyewe amepotoshwa kiasi kwamba wazee waliomsimulia wasingemtambua. Katika masimulizi ya vijijini yeye ni mshona viatu, mzee mdogo wa umbo anayeishi peke yake, na mara nyingi hukutwa kando ya ua wa miti akigonga kiatu kimoja, si jozi. Ana fedha iliyofichwa, na anayetaka kuipata hana budi kumkazia macho bila kupepesa. Akigeuza shingo mara moja tu, amempoteza. Samuel Lover, aliyemwelezea mwaka 1831, alimvika koti jekundu lenye nakshi za dhahabu, na nyekundu ndiyo rangi ambayo waandishi wengine wa karne ile walizoea kumpa. Lakini jambo kubwa kuliko rangi ya koti ni kwamba hakuna aliyemwekea chakula. Watu walimvizia, wakamkamata, wakamtishia, naye akawaponyoka kwa hila. Mtu anayewindwa kwa ajili ya mali yake hawezi kusemwa kwamba anaenziwa.

Kuna nyaraka za kale zaidi, na hapa ninawaomba watafsiri wenzangu wanisikilize, kwa kuwa wengi wetu tumeandika "vibwengo" tulipokwama. Katika kisa cha karne ya 8 kinachomhusu mfalme Fergus mac Léti, viumbe waitwao lúchorpáin, jina lililozaa leprekoni, wanamkuta amelala, wanamnyang'anya upanga na kumbeba kuelekea baharini. Baridi ya maji inapogusa miguu yake anazinduka, anawashika watatu, na kwa fidia anadai kipawa cha kutembea chini ya maji. Wanampa, ila wanamkataza ghuba moja tu, ile ya Loch Rudraige; naye anaingia humohumo, anakutana na dubwana, na uso wake unapinda kwa hofu. Hao ni viumbe wa majini wanaovuta watu baharini, kwa hiyo neno "kibwengo" linawafaa vizuri sana. Haliwafai warithi wao washona viatu, ambao wamekaa nchi kavu na hawamzamishi mtu. Jina lenyewe lilifafanuliwa kwa muda mrefu kuwa "mwili mdogo", mpaka mwaka 2019 ambapo watafiti wa Cambridge na Queen's University Belfast walitoa hoja kwamba limetokana na Luperci, kundi la sherehe za kale za Roma. Hoja yao ni nzito, ingawa moyoni bado naona shida kuliacha lile la mwili mdogo.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi kuliko yote, nalo ni "kuwaenzi".

Leprekoni ni mtu wa pembezoni. Wenye nguvu katika masimulizi haya ni aos sí, watu wa vilima, wanaoishi kwa makundi, wana wafalme, vita, muziki, harusi na mazishi yao. Wenyeji waliepuka kuwataja kwa jina. Waliwaita na daoine maithe, yaani watu wema, au na daoine uaisle, ambalo kwa Kiswahili ni waungwana bila kupunguza wala kuongeza kitu. Msomaji wa pwani yetu analijua jambo hili bila kufundishwa: ukiambiwa mahali fulani pana wenyewe, huulizi ni wenyewe gani, wala hukati kuni pale. Unapita kwa adabu na kuendelea na safari yako.

Kuenzi ni kumtukuza mtu na kumkumbuka kwa sherehe, kama tunavyowaenzi waasisi wa taifa. Kutambika ni kupeleka sadaka kwa wahenga ukitarajia radhi zao. Waayalandi wa vijijini hawakufanya hili wala lile. Kitenzi ninachokitafuta ni kile cha kale, kucha, ambacho leo kimebaki zaidi katika "kumcha Mungu": hofu na adabu zikiwa kitu kimoja, na mwenendo wa mtu ukipimwa kwa yale anayojizuia kuyafanya. Heshima waliyopewa waungwana wa vilimani ilikuwa heshima ya kuwapisha.

Jirani yangu mmoja kule Clare, bibi aliyekuwa amevuka miaka themanini, hakumwaga maji ya kuoshea vyombo usiku bila kwanza kufungua mlango wa nyuma, kusimama kizingitini akiwa amelishikilia beseni kiunoni, na kusema kwa Kiayalandi maneno yenye maana ya "Jihadharini, maji machafu hayo." Alisubiri kidogo, kama anavyosubiri mtu aliyepiga hodi, kisha akamwaga, akakung'uta beseni mara mbili na kufunga mlango. Nilipomwuliza kama anaamini kwamba wapo, alisema haamini, lakini kummwagia mtu maji machafu ni utovu wa adabu awe nani. Jibu lile limenifundisha mengi kuliko vitabu kadhaa vya nadharia, na sijawahi kuliona likitoshea ndani ya makala za namna ya "watu hawa huabudu vijini".

Watanijibu kwamba lakini vitu vilitolewa, na ni kweli. Ng'ombe alipozaa, matone ya kwanza ya dang'a yalimwagwa chini. Aliyepika poitín, gongo la Kiayalandi, alimwaga tone la kwanza. Jikoni waliacha maji safi na moto uliofunikwa majivu usiku, ili anayepita asikute nyumba imekauka. Hata hivyo tazama ukubwa wa vitu hivyo na namna vilivyotolewa, bila madhabahu, bila mkusanyiko, na kwa kawaida bila dua. Ni fungu la jirani ambaye ng'ombe wako wanakula juu ya paa lake. Wapo wataalamu wanaosisitiza kwamba hii ni sadaka iliyosahau jina lake, mabaki ya ibada ya miungu ya kale walioitwa Tuatha Dé Danann. Vitabu vya kufundishia hupenda maelezo hayo kwa kuwa yananyooka. Mimi nayatilia shaka, kwa sababu maandishi tunayoyategemea kuhusu miungu hiyo yaliandikwa na watawa Wakristo waliokuwa na hamu ya kuipatia nchi yao historia ndefu, na kwa sababu katika masimulizi ya vijijini waungwana hawa mara kwa mara wanaonekana wakiwa pamoja na marehemu wa kijiji, jirani aliyezikwa mwaka uliopita akiwa amekaa mezani kwao. Mpaka kati yao na wafu haukuwekwa na wasimulizi. Umewekwa na sisi tunaopanga faili.

Kuwapisha kunaonekana wazi zaidi ardhini. Ayalandi ina makumi ya maelfu ya maboma ya duara ya udongo, mengi yakiwa yamejengwa kati ya mwaka 500 na 1000 kama makazi ya wafugaji. Watu waliyaona kuwa makazi ya waungwana, na mkulima aliyelima kila hatua ya shamba lake alizungushia trekta boma hilo bila kuligusa. Mti wa pekee wa miiba unaochanua maua meupe mwezi wa Mei ulipewa heshima hiyohiyo. Mwaka 1999, barabara kuu ilipokuwa ikipangwa kupita Latoon huko Clare, msimulizi Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti wa aina hiyo, akieleza kwamba hapo ndipo waungwana wa mkoa wa Munster hukusanyika wanapokwenda kupigana na wale wa mkoa wa Connacht. Barabara ilijengwa, na mti ukaachwa kando yake. Mwaka 2002 mtu fulani aliukata matawi kwa msumeno wa mashine, nao ukachipua tena.

Upo pia upande ambao makala za sherehe haziwezi kuugusa. Usiku wa 15 Machi 1895, siku mbili kabla ya Mtakatifu Patrisi, Bridget Cleary, fundi cherehani wa miaka ishirini na kitu huko Ballyvadlea, kaunti ya Tipperary, alichomwa moto nyumbani kwake na mumewe Michael, aliyedai kwamba mke wake halisi amechukuliwa na waungwana na aliyebaki kitandani ni mbadala. Bridget alikuwa mgonjwa tu. Baada ya hapo Michael alikwenda kungoja kwenye boma la Kylenagranagh, akitarajia kumwona mkewe akitoka juu ya farasi mweupe. Mwili ulipatikana tarehe 22 ukiwa umefukiwa kwenye kaburi la kina kifupi, naye akahukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Sisemi kwamba imani ndiyo iliyomwua mwanamke yule, kwa maana ndoa ile ilikuwa na ugomvi wa kibinadamu, na majirani wengi waliowaogopa waungwana hawakumchoma mtu. Ninasema kwamba hofu hii ilikuwa ya kweli, na hatuna haki ya kuigeuza kikaragosi.

Kama ni siku, basi ziko mbili, nazo zinafuata mifugo. Bealtaine, tarehe 1 Mei, ng'ombe walipelekwa malisho ya kiangazi. Samhain, tarehe 1 Novemba, walirudishwa. Kila moja huanza jioni ya siku iliyotangulia, na mikesha hiyo ndiyo iliyosemwa kuwa waungwana wanahama kutoka kilima hadi kilima, hivyo mtu mwenye akili alikaa ndani. Baada ya Samhain hakuna aliyechuma matunda ya porini, kwa kuwa púca, kiumbe mwenye kugeuza umbo, alikuwa ameyatemea mate. Chakula kilichoachwa mezani usiku ule kilikuwa cha wafu au cha waungwana? Nimeuliza, nimesoma, na nimepata majibu yote mawili kutoka kijiji kimoja.

Ninapotaja masimulizi nina maana hasa ya hazina iliyokusanywa kati ya 1937 na 1939, ambapo wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwahoji wazee wao na kuandika kwenye madaftari, ambayo sasa yanatunzwa katika chuo kikuu cha University College Dublin. Ninaipenda kazi ile kwa moyo wote, lakini ni lazima nikiri kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili aliandika akijua mwalimu atasoma, na babu alisimulia akijua mjukuu ataandika. Mengi ya aibu na ya hofu hayakuvuka hapo. Kila ninaposema "watu waliamini", ninasimama juu ya daraja hilo jembamba.

Kwa hiyo makala niliyoletewa nimeirudisha ikiwa na sentensi mpya ya kwanza, na kwa mwenye kutaka kufanya jambo fulani mwaka huu ninamshauri hivi. Tarehe 17 Machi avae shamroki na, kama ni Mkristo, aende Misa. Kisha angoje hadi jioni ya tarehe 30 Aprili. Asimwazime mtu maziwa, chumvi wala kaa la moto mpaka kesho yake ipite, kwani bahati ya siagi ya mwaka mzima ilisemwa kutoka pamoja navyo, na aliyeogopwa zaidi hapo alikuwa jirani mwenye kijicho kuliko kiumbe yeyote wa kilimani. Atafute maua ya njano, yale ya mabwawani au yale madogo ya kando ya njia, ayaweke kizingitini kabla jua halijatua. Bibi yule wa Clare aliyapanga kwa mkono mmoja, huku mwingine ukishika mwimo wa mlango, akianzia pembeni kuja katikati, na akaacha nafasi ya mguu mmoja ili paka apite.