Darshan Singh: Kutoka Kiwanda cha Mbao hadi Bunge la Punjab

Katika elimu ya wafanyakazi tunaulizwa mara kwa mara iwapo uongozi wa chama cha wafanyakazi unamwandaa mtu kweli kuwa mbunge. Maisha ya Darshan Singh, mzaliwa wa kijiji cha Langeri katika jimbo la Punjab, India, aliyehamia Kanada mwaka 1937, yanatusaidia kulijibu swali hilo.

Kama Wapunjabi wengi wa British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, aliajiriwa katika viwanda vya kupasua mbao. Mbao mbichi zilipotoka kwenye msumeno zilipita juu ya mnyororo mrefu, nao wafanyakazi walizivuta moja moja na kuzipanga kwa ukubwa, kutwa nzima, zikiwa bado nzito kwa maji. Kazi hiyo ngumu iliwaangukia sana wahamiaji kutoka Asia, tena mara nyingi kwa ujira mdogo kuliko wa Wazungu. Darshan Singh alipokuwa mwandikishaji wa wanachama wa IWA, chama cha wafanyakazi wa misitu na mbao, aliwafuata wenzake na kuzungumza nao kwa Kipunjabi, jambo ambalo viongozi wengine hawakuliweza. Mwaka 1946 chama hicho kiliongoza mgomo wa wafanyakazi wapatao 37,000, ambao walidai nyongeza ya senti 25 kwa saa na hatimaye wakapata senti 15.

Wakati huo wote Wahindi wa jimbo hilo hawakuwa na kura, kwa kuwa walinyimwa mwaka 1907 na hawakurudishiwa hadi 1947, baada ya madai ya miaka mingi ambayo IWA iliyaunga mkono. Hili linastahili kuzingatiwa sana: mtu aliyefungiwa mlango wa uchaguzi wa serikali aliweza, ndani ya chama chake, kuchagua viongozi, kudai hesabu ya michango na kuamua kama mgomo uendelee au uishe. Kwa maoni yangu, huko ndiko siasa yake ilikokomaa.

Aliporudi India, wakati nchi hiyo ikipata uhuru, alijiunga na Chama cha Kikomunisti, akafanya kazi miongoni mwa wakulima, ambao walimwita Darshan Singh Canadian, yaani Mkanada. Wapiga kura wa eneo la Garhshankar walimpeleka mara mbili katika Bunge la Punjab. Ghasia za waliotaka Punjab ijitenge na India zilipolikumba jimbo hilo katika miaka ya 1980, alizipinga hadharani, na tarehe 25 Septemba 1986 aliuawa kwa risasi.