"Ile hela tuma kwenye namba hii": kwa nini humnasa hata mwerevu

Ujumbe huu hauna jina lako, hautaji kiasi, wala hausemi hela ipi. Nguvu yake iko hapohapo. Tapeli huwatumia watu wengi kwa mpigo, na kati yao hakosi mfanyabiashara wa viazi pale Uyole, Mbeya, ambaye lori limeshapakiwa na kuna mtu anamdai. Kichwani mwake "ile hela" ipo tayari. Akili hujaza pengo kwa jambo inalolisubiri, tena bila kutuarifu kwamba imejaza. Kumwita mtu huyo mjinga ni kumkosea, na aibu hiyo ndiyo humfanya anyamaze siku nzima badala ya kupigia huduma kwa wateja papo hapo, kabla hela haijatolewa kwa wakala.

Muamala feki, yaani ujumbe wa uongo kwamba umepokea hela, hushika pengine: uaminifu wetu. Simu inaita, "Mama, shikamoo, samahani nimekosea kutuma, ni hela ya hospitali." Macho yanasoma sh 150,000 na kuishia hapo. Tazama juu: je, umetoka kwenye jina la huduma au kwenye namba ya kawaida ya simu? Tazama chini: salio la jana ukijumlisha hiyo 150,000, linafika hilo lililoandikwa? Kisha achana na ujumbe, ingia kwenye menyu mwenyewe uangalie salio. Kata simu kwanza, maana ni vigumu mno kupiga hesabu huku unambembeleza anayelia. Aliyekosea kweli arudishiwe na mtandao wake, si na wewe.

Kwa wakulima wa parachichi, Rungwe hadi Njombe, mtego huja polepole. "Mnunuzi" anaomba 10,000 ya fomu, kesho 60,000 ya kupima udongo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966, wanasaikolojia Freedman na Fraser waliwaomba wakazi wa California waweke bango kubwa, baya, mbele ya nyumba zao. Waliokuwa wamekubali kwanza kibango kidogo cha udereva salama, asilimia 76 walikubali. Walioombwa bango kubwa moja kwa moja hawakufika asilimia 17. Ukishatoa kidogo, unajiona mshirika, na ile 10,000 inakuuma kuiacha.

Jiulize hivi: hizi 60,000 ningeombwa leo kwa mara ya kwanza, na mtu nisiyemjua, ningetoa? Jibu likiwa hapana, ile 10,000 ihesabu imekwenda, na namba ya huyo "mnunuzi" iripoti kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.