Je, wajua kwa nini mtoto humsikiliza tembo wa kwenye gemu kuliko mama yake?

Mtoto mwenye kisukari akiambiwa kutwa nzima "umepima sukari?", "hicho usile", hufika mahali masikio yakaziba. Katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Raya Systems ya Marekani, ambayo baadaye iliitwa Click Health, ilijaribu njia nyingine. Ilitoa gemu ya Super Nintendo, mashine ya kuchezea gemu kwenye televisheni, iitwayo Packy & Marlon.

Packy na Marlon ni tembo wawili, marafiki, wote wanaishi na kisukari. Wamekwenda kambi ya likizo, panya wakaivamia na kupora vyakula na vifaa vya matibabu. Mchezaji lazima avirudishe. Ila kuwashinda panya hakutoshi: tembo apimwe sukari, apewe insulini (dawa ya kushusha sukari) ya kutosha, achaguliwe mlo. Akilishwa ovyo, sukari yake huharibika na mchezo nao huharibika.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Kwenye bao, ukicheza vibaya kete zako zinaliwa pale pale, na raundi ijayo hurudii kosa lile. Mwili hauna haraka hiyo. Soda ya leo haimwonyeshi mtoto madhara leo, na kosa la insulini kwenye mwili halisi ni hatari mno kuwa la kujifunzia. Gemu huleta matokeo papo hapo, na tembo akizidiwa, mtoto huanza upya bila kuumia.

Watafiti waliijaribu kwa watoto na vijana 59 wenye kisukari, wa miaka 8 hadi 16. Kwa miezi sita, baadhi walikuwa na Packy & Marlon nyumbani, wengine wakapewa gemu ya kujifurahisha tu. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1997, waliocheza na tembo walizungumza zaidi na wazazi wao kuhusu ugonjwa na kujitunza vizuri zaidi. Safari zao za dharura kwa daktari zilipungua kwa takriban asilimia 77, ingawa kundi lilikuwa dogo na tarakimu hiyo haifai kubebwa kama sheria.

Lakini linalonigusa mimi ni jingine: kuhusu ujuzi wa kisukari, makundi mawili hayakutofautiana sana. Somo watoto walikuwa nalo tayari. Walichokosa ni mazoea, na pia ujasiri wa kuutaja ugonjwa wao mbele ya watu. Gemu hii huchezwa na wawili, kwa hiyo kaka au rafiki aliyeshika kidhibiti cha pili naye alilazimika kujua insulini ni nini. Mtoto mgonjwa akawa mwalimu wa mwenzake.

Je, kwa watoto wazima wa afya? Huko Houston, Texas, watafiti walitengeneza Squire's Quest!, ambamo mtoto huutetea ufalme uliovamiwa na nyoka na fuko wanaoharibu mboga na matunda. Ilijaribiwa kwa wanafunzi 1,578 wa darasa la nne katika shule 26, vipindi 10 ndani ya wiki tano. Mwaka 2003 ilitangazwa kuwa waliocheza waliongeza ulaji wa matunda, juisi na mboga kwa kipimo kimoja (kiasi cha kuliwa mara moja) kwa siku kuliko wenzao.

Mazoezi ya mwili ndiyo yaliyokuwa magumu. Gemu mbili za baadaye za watafiti haohao, Escape from Diab na Nanoswarm, ziliongeza tena matunda na mboga katika jaribio la mwaka 2011, lakini watoto hawakukimbia wala kuruka zaidi ya zamani. Mimi sishangai, kwani ulaji unaweza kuuchagua ukiwa umekaa, jasho huwezi. Ndiyo maana jimbo la West Virginia, lilipotaka kuwatoa watoto kwenye viti mwaka 2006, lilianza kupeleka shuleni gemu ya Dance Dance Revolution. Ile haina kidhibiti cha mkononi: unakanyaga mkeka kwa miguu kufuata muziki, na ukisimama umeshindwa.